Namba ya Maana

Mimi si mtu wa kukata tamaa, ni mtu wa kukasirika. Wanaonijua wamezoea. Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka ishirini na sita, nikagonga mihuri mpaka nikaitwa Mama Muhuri, na nilipostaafu jina likanifuata hadi nyumbani. Ndiyo maana siku ya kuunda ushirika wetu wa mtandao hakuna aliyepiga kura ya katibu. Walisema tu, "Katibu ni Mama Muhuri, tuendelee na mengine," na shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, akachaguliwa mwenyekiti kwa sababu ana suti.

Mtaa wetu uko bondeni, nyuma ya machimbo ya mawe. Mnara wa simu uko upande wa pili wa kilima, kwa hiyo ndani ya nyumba zetu simu ni ya kutazamia saa. Ukitaka kuongea na mtu, sembuse kutuma barua, unapanda tangi la maji nyuma ya shule: ngazi za chuma ishirini na mbili, kisha sakafu ya zege yenye ukuta mfupi wa kuegemea. Hapo juu mtandao unakuja bila kuitwa. Hapo watu wameomba kazi, wameposa, wamepokea habari za misiba na kulia mbele ya foleni. Tunapaita Makao Makuu.

Alhamisi saa tano asubuhi nilikuwa Makao Makuu, kompyuta mapajani, magoti yakinilaumu, nikisubiri jibu la wizara. Tulikuwa tumeomba ruzuku ya serikali ya kuvuta mkongo wa intaneti mpaka bondeni: waya mmoja mkubwa uingie zahanati, kisha matawi yaende majumbani. Fomu ilikuwa na kurasa thelathini na nne. Nilikuwa nimehangaika nayo miezi miwili, nikiandika chini ofisini, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya saruji, kisha nikipanda tangi kutuma ukurasa mmoja mmoja. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa kesho yake, Ijumaa, saa kumi kamili jioni.

Kwenye fomu niliandika kwamba tunaomba kwa ajili ya bonde zima. Ukweli ni kwamba mimi nilikuwa naomba kwa ajili ya mdogo wangu. Yeye ni nesi mkunga, mkuu wa zahanati yetu, na siku nyingine ndiye mfagiaji wake pia. Mama yetu alipofariki, mdogo wangu alikuwa na miaka tisa na mimi ishirini na moja, nikamlea. Mwaka huu amekonda mpaka sare inamning'inia. Kila mzazi anapopata shida, yeye hutoka mbio wodini, huvuka uwanja wa mpira, hupanda zile ngazi ishirini na mbili, huongea na daktari wa hospitali kubwa, kisha hushuka mbio tena. Hospitali yenyewe iko mwendo wa saa tatu kwa gari, hilo gari ukilipata. Kila nikimwona kwenye ngazi zile moyo wangu hukaa mkononi.

Basi jibu likaja. Nilivaa miwani nikalisoma, nikaivua nikaifuta, nikalisoma tena. "Ombi limesimamishwa. Vipimo mlivyowasilisha vinaonyesha kwamba eneo hili tayari lina huduma ya kutosha."

Huduma ya kutosha! Mimi niliyekuwa nimekaa juu ya tangi la maji kama kunguru ili kuisoma hiyo sentensi!

Nikapiga simu wizarani. Aliyepokea alikuwa binti mwenye sauti ya upole, ule upole wa watu wanaofokewa siku nzima.

"Mama, naomba nikuulize kitu, usikasirike."

"Sijakasirika," nikasema kwa hasira.

"Hizi kaya mia moja na nne mlizopima, zote zinaishi mahali pamoja?"

"Zinaishi bondeni, mwanangu, kila mtu na nyumba yake."

"Hapana, mama. Kipimo kinarekodi mahali simu ilipokuwa. Vyote mia moja na nne vimepimwa ndani ya hatua kumi. Kwenye picha ya ramani naona kitu cha duara hivi. Kama tangi."

Nikatazama nyuma yangu. Tangi lilikuwepo.

Niliwaona kwa macho yangu watu wakipanda siku zile za kupima. Niliwapangia hata foleni, wenye watoto mbele. Maagizo yangu yalikuwa mepesi: pima kasi ya mtandao nyumbani kwako, kisha panda tangi ukatume. Nilidhani wanatuma. Kumbe walikuwa wanapanda na simu ambazo hazijapima chochote, wanapimia hapo hapo penye mtandao mwingi kuliko pote bondeni.

Binti wa wizarani alinihurumia. Alisema mfumo utabaki wazi mpaka kesho saa kumi, na haongezewi mtu hata dakika. Tulete vipimo vipya themanini, kila kimoja kutoka ndani ya nyumba. Simu ikikosa mtandao hukihifadhi kipimo yenyewe, na ikifika penye mtandao hukituma. Pia kipimo kimoja cha taasisi ya umma, pamoja na tamko la mkuu wake. "Bila taasisi, mama, ombi halisomwi," akasema. Nikamshukuru, na nikashuka ngazi bila kuzihisi.

Saa tisa honi ya machimbo ilipolia nikawakusanya watu pale pale kwenye rundo la kokoto, wachonga mawe wakiwa bado weupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Wanawake walikuja na watoto, mafundi wakafunga vibanda. Shemeji alikuwa tayari amevaa suti na kukohoa kile kikohozi chake cha hotuba.

"Shemeji, hotuba hiyo imeze," nikamwambia. "Leo hatuna nafasi."

Akaimeza. Nami nikawageukia watu.

"Niliwaambia mpimie wapi?"

Wakatazama kokoto.

"Nilisema nyumbani! Nani kawatuma mkapimie juu ya tangi?"

Mke wa fundi cherehani, ambaye haogopi mtu, akajibu, "Mama Muhuri, kwani wewe ukiambiwa serikali inakuja kukupima, unakwenda hujaoga?"

Watu wakacheka. Mchonga mawe mmoja akaongeza kwamba hawakutaka kulitia bonde aibu, watu wa wizarani waone sifuri sifuri waseme huko wanaishi wanyama.

"Huu si mtihani wa shule!" nikafoka. "Hapa anayefeli ndiye anayepewa! Nyinyi mmefaulu wote, na tumekosa wote!"

Hapo akasimama Mzee Saa. Ni fundi wa saa, mtu wa kusema taratibu, na ile lenzi yake ya jicho moja huwa ameipandisha kwenye paji la uso hata akiwa msibani.

"Mimi nilipimia nyumbani," akasema.

"Angalau mmoja."

"Subiri. Nilikuwa wa kwanza kukuletea ofisini. Simu iliandika sifuri nukta tatu. Wewe ukaniambia nini?"

Nilitaka kusema sikumbuki, lakini nilikuwa nimekumbuka tayari.

"Ukaniambia, 'Mzee, hii imeshindwa, nenda karudie mpaka upate namba ya maana.' Nikarudia nyumbani mara nne. Mwisho nikapanda tangi na goti langu hili bovu, nikapata kumi na moja. Ukafurahi. Ukasema, 'Umeona sasa?' Ukanigongea muhuri. Tangu siku hiyo kila aliyeleta saa dukani nilimwambia asijisumbue na nyumbani, Mama Muhuri anataka namba ya maana."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kwanza nikatafuta wa kumlaumu, maana ndivyo nilivyo. Nikafikiria mwongozo wa fomu, uliokuwa na mfano wa kumi na mbili, ndio ulionifanya nidhani sifuri nukta tatu ni simu kuharibika. Nikafikiria mwanga mbaya wa ofisi. Nikafikiria hata marehemu mume wangu, aliyenizoesha kwamba simkosei mtu. Lakini watu walikuwa wananitazama, na kosa lilikuwa langu, tena lilikuwa limegongwa muhuri.

"Nimekosa," nikasema. "Mzee wangu, nisamehe. Na nyinyi wote."

Sijui lini mara ya mwisho nililitamka neno hilo mbele ya halaiki. Wakanitazama kwa huruma, nayo ikanichoma kuliko kama wangenizomea.

"Yamekwisha," akasema Mzee Saa. "Sasa tunafeli saa ngapi?"

Tukapanga. Kila kaya ipime kesho asubuhi, simu ikiwa pale ambapo mtu hukaa siku zote, kisha waje tangini. Nyumba themanini zilikuwepo. Kilichonisumbua ni taasisi. Shule haikufaa, iko chini ya tangi, nayo hupata mabaki ya mtandao wetu, kwa hiyo kipimo chake kingetuharibia. Ilibaki zahanati. Nikaenda huko moja kwa moja, bila hata kunawa vumbi, nikijua kwamba hiyo ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Mkuu wa zahanati ni mtu niliyemsuka nywele mimi.

Nilimkuta wodini anasugua mzani wa watoto. Wodi ya wazazi ina vitanda vitatu, pazia la kijani lenye kiraka, ndoo ya dawa mlangoni, na kwenye kimeza rejista kubwa ambamo nusu ya watoto wa mtaa wetu waliandikwa kabla hawajapewa majina. Nikamweleza habari yote, na ya Mzee Saa nikamweleza kwa kifupi. Hakucheka.

"Dada, hicho siwezi," akasema.

"Huwezi nini? Unasimama hapa kando ya kitanda, unabonyeza, inakuja sifuri, unaniandikia mistari mitatu kwamba hamna mtandao. Ile ya kwanza si ulinipa?"

"Ile ya kwanza niliipimia kwenye tangi, kwa makusudi."

Akaenda kufunga mlango. Akavuta droo, akatoa nakala ya ripoti na kuniwekea mkononi. Mwanzoni mwa mwaka idara ya afya ilitoa waraka kwamba zahanati isiyoweza kumwonyesha daktari mgonjwa kwa video isizalishe tena. Wazazi wapelekwe hospitali kubwa. Chini ya ripoti kulikuwa na visanduku viwili, mtandao upo na mtandao haupo. Alama ilikuwa kwenye "upo." Pembeni palikuwa na sahihi ya mdogo wangu, ile sahihi yenye mkia mrefu.

Mimi nimegonga mihuri kwenye mafaili ya watu waliotoa taarifa za uongo serikalini. Najua yalivyokuwa yanaanza na yalivyokuwa yanaisha. Wengi waliondoka na kazi zao zikabaki.

"Mficha uchi hazai," nikamwambia, maana mdomo wangu hufika mahali kabla ya akili.

"Usinipigie methali za uzazi, Dada, mimi ndiye mzalishaji." Akaichukua ile karatasi. "Nikisema haupo, wodi hii inafungwa wiki ijayo. Huo mkongo wenu, kama mkipewa, utafika mwakani. Wanawake wa hapo katikati watazalia wapi? Kwenye kokoto?"

Nilikuja na haraka yangu ya fomu, nikakuta mwenzangu amebeba mzigo tangu mwanzo wa mwaka na hajaniambia.

"Na hivi unavyopanda tangi ukimwacha mzazi," nikamuuliza polepole, "itaendelea mpaka lini?"

Akakaa kitandani. Akaanza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja.

"Wiki tatu zilizopita, yule mke wa mpasua mawe. Mtoto alishatoka salama, ila damu haikukata. Nikakimbia tangini. Daktari akapokea, akanisikiliza, akaniambia, 'Nesi, usimwache mgonjwa huyo peke yake hata dakika moja.' Nilikuwa juu ya tangi, Dada. Nimesimama juu ya tangi nikisema, 'Ndiyo, daktari.'"

"Lakini alipona."

"Alipona. Nilipofika alikuwa ameshaacha kuniitikia. Alipona kwa sababu Mungu ana huruma, si kwa sababu nilikuwepo."

Nilimshika mkono, nao ulikuwa baridi. Nikataka kumwambia aache, fomu iende zake, tutaomba mwaka mwingine. Nikataka pia kumwambia asaini, kesho saa kumi isitupite. Mambo yote mawili nilikuwa nayataka kwa moyo mmoja, kwa hiyo sikusema hata moja. Niliondoka nikamwacha anazitazama glavu zake.

Ijumaa asubuhi bonde zima lilifeli, na lilifeli kwa bidii. Kufikia saa tatu watu walikuwa wanapanda tangi wakionyeshana sifuri kama wanavyoonyeshana picha za wajukuu. Mchonga mawe mmoja alipata sifuri nukta moja, akazomewa kwamba anaringa. Mke wa fundi cherehani alikuja na kipimo kizuri sana, kisha mtoto wake akamchongea kwamba mama alijifungia kabatini na blanketi ndipo akapima.

"Toka kabatini ukapime unaposhonea!" nikamwambia.

"Jana ulisema tufeli!"

"Nilisema mfeli kwa haki!"

Akarudi, akapima karibu na cherehani, akapata sifuri ile ile. Watu walicheka, na mimi nilicheka pamoja nao. Kila dakika tano nilitazama ng'ambo ya uwanja. Mlango wa wodi ulikuwa umefungwa.

Saa nane na nusu tulikuwa na nyumba themanini na sita. Shemeji akaanza kupeana mikono na watu chini ya tangi. Mimi nilikuwa juu na kompyuta, natazama sehemu moja tu iliyobaki wazi: taasisi ya umma, jina la mkuu, tamko. Tamko nilikuwa nimeshaliandika kwa maneno yangu tangu alfajiri. Fomu haikutaka sahihi ya kalamu. Ilitaka jina tu, liandikwe kwenye kisanduku.

Ikafika saa tisa. Ikafika saa tisa na nusu.

Shetani hana haja ya pembe, huja na sauti yako mwenyewe. Nilijiambia kwamba simu yangu ingeweza kupimia kwenye kibaraza cha zahanati na kurudi ndani ya dakika kumi. Nilijiambia kwamba jina la mdogo wangu mimi ndiye niliyemfundisha kuliandika, kwa kijiti, kwenye vumbi, kwa hiyo nikiliandika mara moja zaidi si wizi. Nilijiambia wizara ina maombi mengi, nani atauliza? Vidole vikaliandika. Nikalitazama lile jina limekaa kwenye kisanduku, herufi zote zimetimia, halina kasoro hata moja. Halafu nikafikiria barua ikifika zahanati, yeye akiifungua kando ya mzani wa watoto, akikuta amekiri jambo ambalo hakulikiri. Nikafuta herufi moja moja mpaka kisanduku kikawa cheupe.

Saa kumi kasoro dakika kumi na tano nikasikia ngazi zinalia. Hakuna mtu anayepanda tangi kwa kasi ile ila mmoja.

Alifika juu anahema, sare imelowa mgongoni. "Sogea, Dada." Akatoa simu mfukoni, akaiinua, nayo ikalia mara moja. "Imekwenda. Nimepimia kando ya kitanda. Sifuri. Nina mzazi ndani, yuko na mama yake, nina dakika nne tu. Fungua hilo tamko."

"Nimeshaliandika, wewe soma tu."

Akasoma, akatikisa kichwa. "Futa. Andika hivi. 'Mimi, mkuu wa zahanati, natamka kwamba zahanati haina mtandao na haijawahi kuwa nao. Taarifa niliyoitoa mwanzoni mwa mwaka kwamba mtandao upo haikuwa ya kweli.'"

Vidole vyangu vikasimama. "Hiyo ya pili hawajaiuliza."

"Iandike."

"Mdogo wangu, wewe hujakaa mahakamani. Mtu haongezi..."

"Dada, iandike, mzazi ananisubiri."

Nikaiandika. Akaegemea bega langu, akaandika jina lake mwenyewe, na mimi nikabonyeza kutuma. Kile kiduara kikazunguka. Kilizunguka muda mrefu mpaka nikaanza kuhesabu pumzi zake kwenye sikio langu. Kisha yakatokea maandishi: "Ombi limepokelewa, saa tisa na dakika hamsini na moja. Taarifa za taasisi zitalinganishwa na ripoti zilizoko katika idara nyingine za serikali."

Nikaifunga kompyuta haraka.

"Wamesemaje?" akauliza.

"Wamesema imepokelewa."

"Na nini tena?"

"Imepokelewa tu."

Akanitazama. Nilikuwa nimemdanganya usoni, pale pale nilipomwona akisema kweli, na alikuwa anaijua sura yangu ya uongo tangu siku nilipomwambia mama amelala.

"Dada, ukurasa wa thelathini na nne niliusoma mwezi uliopita. Unadhani kwa nini nimeongeza ile sentensi? Bora waisikie kwangu kuliko waikute wenyewe."

Mimi, katibu, ukurasa huo nilikuwa nimeupitia juu juu kwa sababu ulikuwa wa mwisho. Nikafungua mdomo kumwomba radhi, akanikatiza kwa mkono.

"Baadaye. Sikiliza. Huyu mzazi ana dalili nisizozipenda, na leo sitamwacha. Kaa hapa hapa. Namba ya daktari unayo?"

"Ninayo."

"Naacha mlango wa wodi wazi. Nikitoa shuka nje nikalipunga, mpigie, mwambie anatokwa damu, atume gari. Usishuke kuja kuuliza. Usifanye kitu kingine. Tazama mlango tu."

Akashuka. Nilimwona anavuka uwanja mbio, akipotea nyuma ya nguzo ya goli na kutokea tena, mpaka mlango ukammeza. Nikaiweka kompyuta sakafuni. Nikaitafuta namba ya daktari, nikaiweka tayari kwenye kioo, kidole juu yake. Kwa miezi miwili nilikuwa nimeogopa saa kumi ya Ijumaa hii, na sasa ilikuwa inapita na sikuwa na habari nayo. Niliogopa shuka. Niliogopa nitapepesa macho wakati linapungwa. Niliogopa barua itakayokuja kutoka idara ya afya, siku wodi ile itakapowekwa kufuli, na mdogo wangu akitoka na mkoba wake, na wanawake wa bonde watakaoniuliza ni nani aliyeipeleka hiyo fomu.

Ngazi zikalia tena, nzito safari hii. Shemeji akatokeza na suti yake, jasho limemtiririka shingoni, akaja akasimama mbele yangu mikono kiunoni.

"Haya, Katibu! Wamepokea? Nikawaambie watu washangilie?"

"Shemeji," nikamwambia, "sogea. Unaniziba mlango."